"Mume hanipigi, ila ananihesabu": jibu kwa msomaji wa Kigoma

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Gungu hapa Kigoma, nauza dagaa na mawese soko la Mwanga. Kwenye kikoba chetu tukishaweka hisa, mmoja anasoma kitabu kwa sauti na wengine tunasikiliza. Juzi tumemaliza Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Wenzangu wote walisema Bi Tamima ni mjinga, angeondoka zamani. Mimi nilinyamaza. Mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini jioni lazima nimweleze kila shilingi, laini yangu imesajiliwa kwa kidole chake na simu anaishika yeye akiwepo nyumbani, nikichelewa sokoni anapiga kwa video nimwonyeshe nilipo, na kwa mama yangu Kasulu sijafika mwaka wa pili sasa. Akikasirika hasemi na mimi hata wiki, halafu ananunua kitenge, yanaisha. Shangazi yake ananiambia Mwana Kupona alishasema mke ni wa kumtii mume, ndiyo pepo yake. Naomba unisaidie. Kwa nini waandishi wetu wanapenda kuandika wanawake wanaovumilia? Na haya yangu ni ukatili, au nimesikiliza vitabu vingi? Na baada ya hiki tusome kipi? Nakuandikia kwa simu ya mwenzangu."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu, lakini lililokufanya uazime simu ni lile la katikati, na nitalijibu bila kuzunguka. Niruhusu kwanza nianze na Bi Tamima, maana nadhani hukumu waliyompa wenzako ndiyo iliyokufunga mdomo. Ukisikia watu unaowaheshimu wakimwita mwanamke wa kitabuni mjinga, huwezi kusema mbele yao "hata mimi".

Hukumu hiyo haikuanzia kikobani. Tumeifundisha sisi walimu. Kila aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha nne anakumbuka swali la "nafasi ya mwanamke katika jamii" na majibu tuliyokariri kwenye miongozo: mwanamke amechorwa kama mtu dhaifu, mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia. Toa mfano, pata alama, geuza ukurasa. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo miaka mingi hapa Tabora na sijapata kuyapenda. Yanamfanya msomaji auone udhaifu kuwa ni tabia ya huyo mama, amezaliwa nao, wakati mwandishi ametumia kurasa chungu nzima kuonyesha jinsi ulivyotengenezwa na aliyeutengeneza.

Rudini kwenye kitabu. Utengano kilichapishwa mwaka 1980, na Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa huko nje: ana mali, ana jina kwenye siasa, watu wanamnyenyekea. Ndani ya nyumba yake mke na binti, Maimuna, wamefungiwa. Hawatoki wala hawatembelewi. Inakuja siku ya uchungu wa uzazi, mwenye nyumba hayupo, na inabidi mkunga aitwe. Matokeo ya kumwita mkunga ni kipigo na talaka, kwa mwanamke aliyetoka kujifungua.

Tukio hilo lisomeni tena, polepole. Tamima hakutoroka, hakuiba, hakuzini. Alikuwa anazaa. Kosa lake ni kwamba kuna uamuzi umefanyika katika nyumba ile na Maksuudi hakuufanya yeye. Mume wa aina hiyo haudhiwi na jambo lenyewe, anaudhiwa na kwamba umeamua. Ndiyo maana wake zao husema, "Kosa la leo silijui, la jana lilikuwa jingine." Hawawezi kulijua, kwa sababu sheria haipo. Aliyepo ni mtunga sheria.

Kisha waulize wenzako: angeondoka aende wapi? Kuondoka kunataka nauli, kunataka mtu wa kukupokea, kunataka kujua njia, kunataka uamini kwamba ukisema utasikilizwa. Maksuudi alivichukua vyote hivyo kabla, kimoja kimoja, wakati bado anaitwa mume mwenye wivu tu. Na mwandishi hatuachi hapo, anatuonyesha pia anayetoka. Maimuna anatoka. Anatoka akiwa hajui dunia, kwa sababu alinyimwa kuijua, na dunia inamtafuna vibaya. Kwa hiyo jibu la "angeondoka" limo kitabuni mwenyewe, na ni chungu kuliko linavyotamkwa na watu waliokaa mkekani wakinywa chai.

Umeuliza kwa nini waandishi "wetu" wanapenda wanawake wanaovumilia. Kwanza, kuandika jambo si kulisifu. Pili, si wetu peke yao. Nyerere alitutafsiria tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Natamani angepata muda wa Othello, maana ningeipeleka kikobani kwenu kesho. Humo kuna jemadari anayeaminishwa kwamba mkewe, Desdemona, ana mwanamume mwingine. Anampiga kofi mbele ya wageni wa serikali, na wageni wanashangaa: huyu ndiye yule mtu tuliyemsifia? Mwishoni anamuua kitandani, na Desdemona akiulizwa na pumzi ya mwisho nani kafanya haya, anasema ni yeye mwenyewe.

Lakini mimi huwa namtazama Emilia, mke wa yule fitina Iago, na mhudumu wa Desdemona. Leso inayotumiwa kama ushahidi wa uzinzi aliiokota Emilia, akampa mumewe kwa sababu alikuwa ameiomba mara nyingi na yeye alitaka kumfurahisha. Hakuuliza ya nini. Hapo pana somo ambalo miongozo hailigusi: mwanamke anayedhibitiwa mara nyingi hutumika kumdhibiti mwenzake, bila kujua, kwa kutafuta amani ya siku moja nyumbani kwake. Shangazi wa mume wako naye tumfikirie hivyo kabla hatujamchukia. Baadaye Emilia akishaelewa, mumewe anamwamuru arudi nyumbani anyamaze. Anajibu kwamba ni sawa kumtii, ila si sasa, na huenda hatarudi nyumbani kamwe. Anasema yote. Iago anamchoma kwa silaha, anakufa. Shakespeare hakumdanganya mtu kuhusu bei ya kusema, na nitalirudia hilo nikifika kwenye hatua za kuchukua.

Sasa jambo lenyewe linavyofanya kazi. Watu wanadhani ukatili katika ndoa ni kofi na mengine ni nyongeza. Mimi nauona kinyume. Kinachotafutwa ni mamlaka juu ya maisha ya mwenzako, kofi ni chombo kimojawapo tu, na mume aliye hodari wa vyombo vingine anaweza asikihitaji kabisa. "Sijawahi kukunyanyulia mkono" kunaweza kuwa kweli tupu na bado ukawa hupumui.

Chukua fedha. Najua dagaa ilivyo. Asubuhi ina bei yake, jua likipanda ina nyingine, na mteja wa mwisho unampunguzia kwa sababu hutaki kurudi nayo nyumbani. Kuna ya kuonjesha, kuna ya kuongezea juu ya kopo. Hesabu ya dagaa haikai sawa hata umpe mhasibu. Mtu akidai ilingane kila jioni, shilingi kwa shilingi, amekuwekea mtihani usioweza kufaulu, na anayefeli kila jioni huanza kujiona mwizi wa mtaji wake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya ile hesabu. Haihusiani sana na fedha, ndiyo maana hata siku ya mauzo mazuri huoni akiridhika.

Simu ya video nayo, baada ya muda, haihitaji hata kupigwa. Unakuwa sokoni, mnunuzi mwanamume anacheka na wewe, na wewe unageuka kuangalia kama kuna mtu anaona. Macho yake umeshayabeba mwenyewe. Na kile kimya cha wiki nzima, nimesikiliza wanawake wakieleza nyumba ambamo mtoto wa darasa la pili ndiye mjumbe: "Mama, baba anasema maji ya kuoga." Mama yuko hatua mbili, anasikia. Wiki ya namna hiyo inafundisha kuliko fimbo, na hakuna alama ya kumwonyesha daktari.

Halafu kitenge. Hapa ndipo wanawake wengi hujilaumu sana, wanasema "nilihongwa na kitambaa". Hapana. Siku ya kitenge mume ni mwema kweli, anacheka na watoto, unamwona tena yule uliyempenda, na unasema moyoni: kumbe yupo. Tumaini hilo si ujinga. Ila linaendelea kukuweka pale, kwa sababu kila ukikaribia kuchoka linakuja tena.

Na Kasulu. Kasulu si Ulaya. Ukipanda gari asubuhi, mchana unakula kwa mama. Mwaka wa pili bila kufika haujitokezi wenyewe. Huenda hakuna siku aliyosema "nakukataza". Kulikuwa na mtoto anayeumwa, nauli haipo, mwezi ujao, mama yako anakupa maneno. Fundo moja la wavu halizuii dagaa, na kila fundo ukililalamikia peke yake utaambiwa unakuza mambo. Kwa hiyo usiniulize, wala usimuulize mtu, kama kuhesabiwa fedha ni ukatili. Uliza vyote pamoja vinakuachia nafasi gani ya kugeuka.

Hata hivyo nisiwe mwepesi kwa mume wako kama wenzako walivyokuwa kwa Tamima. Nimesikia upande mmoja, kwa ujumbe mmoja. Wako wanandoa wanaomwaga mauzo yote mkekani jioni wakayapanga pamoja, ya kwake na ya kwake, na hakuna anayetetemeka. Hiyo ni bajeti. Wako waume wanaopiga simu kwa sababu barabara ya jioni ina vibaka. Mimi huangalia mambo mawili. La kwanza: je, linakwenda pande zote? Unajua yeye anapata kiasi gani? Ukimpigia kwa video akiwa kazini anapokea? La pili, na ndilo kubwa: ukisema hapana, nini kinafuata? Penye ndoa yenye ugomvi wa kawaida, hapana huleta mabishano, na kesho maisha yanaendelea. Penye udhibiti, hapana huleta adhabu, hata kama adhabu ni kimya. Kwa uliyoyaandika, adhabu ipo na unaijua ratiba yake. Kwa hiyo nakujibu: ndiyo, huo ni ukatili, wa kisaikolojia na wa kiuchumi. Hukusikiliza vitabu vingi. Vitabu vimekupa maneno ya jambo ulilokuwa nalo tayari.

Hauko peke yako kulionea haya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 walikubali walau sababu moja. Wanaume waliokubali ni asilimia 40. Soma tena hizo namba mbili uone nani amelishwa zaidi somo hili. Kama kofi lenyewe linakubalika hivyo, nani atakusikiliza ukilalamikia simu?

Twende kwa shangazi na Mwana Kupona. Anachokitaja ni Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu lililotungwa karibu mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siyu huko Pate, akiwa mgonjwa na akijua hana siku nyingi, kumwachia wosia binti yake Mwana Hashima. Sitakudanganya kwamba shangazi amebuni: utendi unahimiza kumtii mume, kumhudumia, kumpendeza, na unasema radhi yake ndiyo njia ya mke kuingia peponi. Wataalamu wamevutana juu yake miaka mingi. Wapo wanaouona kama mnyororo, na wapo wanaosikia humo mama anayemfundisha mwanawe namna ya kuishi salama katika dunia ambamo mume anashika kila kitu. Mimi naegemea upande wa pili, si kwa ukamilifu. Anayeniambia kwamba mwanamke hana sauti, kisha akatumia shairi lililotungwa na mwanamke mwenye elimu, jasiri wa kuamuru na kuusia, likasomwa na wanawake kwa vizazi, anajipinga mwenyewe. Lakini hata tukivutana, jambo moja halina mvutano: ule ni wosia wa mama mmoja kwa binti mmoja. Si aya, si kifungu cha sheria, na haukuandikwa ili wakwe wamsomee mke wa watu.

Shangazi akisema "ndiyo mila yetu", mkumbushe kwamba mila zina milango mingi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe, katika miaka ya 1940, hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Toleo la Kiswahili lilitoka mwaka 1980. Bugonoka hajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsema vibaya, na wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba baridi, anakwenda kwa wakwe kuomba mkewe, na anatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe. Sisemi huo ni ukombozi. Wanaoamua ni baba na mume, na kilichofanya kosa lisameheke ni mitungi ya pombe. Lakini ona: kumuudhi mke kulikuwa na gharama, na binti aliyeolewa alikuwa bado ana kwao. Anayekukata na mama yako wa Kasulu hafuati mila hiyo. Anaibomoa.

Sheria nitaipitia haraka. Nimepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, si wakili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, mila iseme nini. Kifungu cha 107 kinautaja ukatili wa mwili au wa akili kuwa mojawapo ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, kwa hiyo lako lina mahali mahakamani hata bila kovu. Kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia mali, na cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali: mtaji wako wa dagaa ni wako. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Sheria kuwa upande wako ni jambo moja, kesho asubuhi ni jingine. Unaweza kuzungumza naye. Ukichagua hivyo, chagua jambo moja dogo lenye tarehe, kwa mfano safari ya siku mbili Kasulu, siku ambayo hamjagombana. Usimsomee mashtaka yote, na usimwambie umeyatoa kitabuni, usije ukaambiwa kikoba ndicho kinakuharibu. Jibu lake litakufundisha mengi. Ila kama tumbo linakukata kwa kuwaza tu kumuuliza, usiulize, limeshakujibu.

Unaweza kumtumia mshenga au wasimamizi wa ndoa. Wazee hawa wamewasaidia wengi, siwadharau. Udhaifu wao ni kwamba wengi wanapima mafanikio kwa mke kurudi nyumbani, na wakishaondoka mnabaki wawili na mlango umefungwa. Mtafute asiyemhofia mume wako na asiyemdai wala kudaiwa naye. Baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini, lina tatizo lile lile, pamoja na faida moja: likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na bila hati hiyo kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka. Kwa ushauri wa faragha, nenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria wa eneo lako. Kuwaona si kufungua kesi. Unaweza kusikiliza ukarudi zako.

Kuhusu kuondoka, hapa vitabu hudanganya, na nasema hivi kwa kuvipenda. Ibsen wa Norway aliandika mwaka 1879 tamthilia ambayo mwishoni mke, Nora, anafungua mlango na kuiacha nyumba ya mume. Ulaya ilitikisika. Mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kabisa kuigiza mwisho huo, na Ibsen akalazimika kuandika mwingine ambamo mama anaanguka mbele ya chumba cha watoto na kubaki, mwisho ambao yeye mwenyewe aliuita unyama dhidi ya tamthilia yake. Vyovyote vile, pazia linashuka na mwandishi hana haja ya kutueleza Nora alilala wapi usiku ule. Wewe una haja. Wanaofanya kazi na wanawake hawa wanajua kwamba siku za kuondoka, na majuma yanayofuata, ndizo za hatari kuliko zote, hata kwa mume asiyewahi kupiga, kwa sababu ndipo anapoona mamlaka yanamponyoka. Othello hakuua wakati wa ugomvi. Aliua alipoamini ameshampoteza.

Kwa hiyo, iwe utabaki au utaondoka, jiandae kimya kimya. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chako cha NIDA na cheti cha ndoa, toa nakala ziwekwe kwa mtu unayemwamini. Kitabu chako cha hisa kibaki ndani ya sanduku la kikoba, kisirudi nyumbani. Laini ya jina lako unaweza kuisajili kwa kidole chako mwenyewe, lakini usiingie nayo ndani kama simu inakaguliwa. Akiigundua, ugomvi wake utakuwa mkubwa kuliko faida yake. Mawasiliano na mimi yaendelee kwa simu ya huyo huyo mwenzako, na mwombe ayafute. Umeonyesha akili kubwa kwa hilo kuliko unavyojua. Mama yako naye ajue, hata kwa salamu ya mtu anayekwenda Kasulu. Mzazi asiyejua hali yako hawezi kukuandalia kitanda.

Yapo mambo ambayo yakitokea usisubiri mshenga wala baraza: kukukaba koo hata kwa "utani", kushika panga au kisu, kusema atakuua au atajiua, kukufungia ndani, kukulazimisha kitandani, kuwagusa watoto, au kipigo chochote ukiwa mjamzito. Hapo unakwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Ukiwa umeumia, polisi watakupa fomu ya PF3 ya kupelekea hospitali, lakini kama hali ni mbaya nenda kwanza hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, fomu itafuata. Aliyekabwa koo aonwe na daktari hata akijisikia mzima, kwa sababu uvimbe wa ndani unaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Limebaki la kitabu. Ningewapa Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha nguzo, na haisimami, kwa sababu kila mmoja anavutwa na yake na kila mmoja ana neno juu ya mwenzake. Kikoba kilichomwita Tamima mjinga kitajisikia humo, na huenda ukapata nafasi ya kusema bila kujitaja. Ni tamthilia fupi, ina sauti za kutosha kila mmoja wenu apate ya kusoma. Myombekere na Bugonoka ni kinene, kiwekeeni masika, sokoni kukiwa kweupe. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda, iacheni kwanza. Humo mtaona nyumba ya mlevi anayepiga inavyomlea binti, na mwisho wake ni mzito sana. Ningependa muwe mmeshazungumza ninyi kwa ninyi, kwa majina yenu, kabla ya kuufikia.